Wembe wa Noeli

Consolée wa mtaa wa Kimanga, mjini Uvira kando ya ziwa, hakuwa na subira na vichwa vichafu. Ukipita mbele ya saluni yake, kile chumba cha mbao chenye kioo kilichopasuka pembeni, ulikuwa umejitakia mwenyewe. Angekuita kwa sauti, akugeuze shingo kama anayechagua papai sokoni, kisha akutangazie mbele za watu kwamba nyuma ya sikio lako mtu anaweza kupanda mihogo. Watu walicheka, wakakaa kwenye kiti, wakanyolewa. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mdomo, mikono mepesi, na imani moja ambayo hakufundishwa na padri yeyote: kwamba mtu akinyolewa vizuri, nusu ya matatizo yake huanguka chini pamoja na nywele.

Imani hiyo aliipata kwa njia mbaya. Mumewe, Gaspard, alikuwa dereva wa lori kati ya Uvira na Bukavu, na safari moja lori halikurudi. Consolée alikuwa hapo hapo saluni anamsuka mteja, dada yake Gaspard alipoingia na wanawake wengine wa ukoo. Hawakusalimia. Walikaa chini. Wifi akaomba maji kwenye beseni, na Consolée akafikiri amekuja kutengenezwa nywele, akamletea maji na taulo, akamtania kidogo. Wifi hakujibu. Alichukua wembe juu ya meza ya Consolée mwenyewe, akamshika kichwa, akaanza kunyoa. Katika familia yao, na kwa wengi huko kwenye tambarare ya Ruzizi, ndivyo walivyofanya tangu zamani. Kifo hakikutamkwa mbele ya mwenye kufiwa. Wembe ulitangulia, maneno yalikuja baadaye. Kabla maji hayajamfika shingoni, Consolée alikuwa amekwisha kujua.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Lakini kesho yake alipotoka nje, upepo wa ziwa ukampiga kwenye ngozi ya kichwa, akaona kwamba bado anapumua na kwamba kuku wanataka kula. Mungu hakuwa amewapa watoto yeye na Gaspard. Akabaki na saluni, na vichwa vya watu, na ulimi wake. Wateja walisema ujane ulimzidishia maneno badala ya kumpunguzia.

Laurette ndiye aliyemvuta kwenye kazi za kujitolea. Huyu Laurette alikuwa mke wa mwalimu na kiongozi wa shirika lao, yaani zile familia za mtaa zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mwanamke mnene, mwenye moyo mkubwa na simu kubwa zaidi, ambaye hakuwahi kutoa sahani ya mchele bila kuipiga picha. Kila Desemba shirika lilipika na kukusanya nguo, likaenda kuwasaidia watu wa ghalani.

Watu wa ghalani walikuwa wale ambao mto Mulongwe uliwazolea nyumba mwaka ule wa mafuriko, kisha ziwa nalo likapanda na kumeza viwanja vilivyobaki ufukweni. Wenzao walipewa hema, hema zikachakaa. Wengine walirudi kujenga pale pale mto ulipopita, kwa ukaidi au kwa kukosa pengine. Hawa waliingia kwenye ghala kuukuu lililokuwa la magunia ya chumvi, wakagawana sakafu kwa kamba na vikwembe, wakakaa. Mjini waliitwa masinistre, neno la Kifaransa la walioangukiwa na maafa, kama vile hilo ni kabila. Mwaka mzima hakuna aliyewakumbuka. Ikikaribia Noeli kila kanisa liliwakumbuka kwa mpigo, na ghala likapata wageni kuliko nyumba ya harusi.

Mwaka huo wanashirika walipopanga kazi, Consolée alikataa kupika. Alisema wapishi wametosha, yeye ataleta beseni, sabuni na nyembe, kwa sababu Mtoto Yesu hawezi kupokelewa kati ya chawa. Laurette akamkumbusha kwamba Mtoto Yesu alizaliwa kati ya ng'ombe. Consolée akajibu kwamba ng'ombe wana kupe, na kupe ni jambo jingine kabisa. Wote walicheka, na shauri likapita.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli mvua ilinyesha kidogo ikakatika, jua likatoka kali. Umeme haukuwapo pale ghalani, kwa hiyo mashine ya kunyolea aliiacha nyumbani. Alipanga nyembe mpya ndani ya mfuko, kila kichwa wembe wake, akakalisha watu kwenye benchi mlangoni. Wanaume walinyolewa, watoto walinyolewa wakilia, wasichana wakasukwa. Nywele zilianguka, mwanamke mmoja akawa anazifagia na kuzitia kwenye gunia zipate kuchomwa. Mwanamke huyo aliitwa Capitoline. Alikuwa wa hapo hapo ghalani, fundi wa kushona asiye na cherehani, mwenye mdomo usiopungua wa Consolée, na kabla jua halijafika kichwani wawili hao walikuwa wanataniana kama watu waliokua pamoja. Sufuria za mchele na maharagi zilichemka uani. Consolée alikuwa na furaha ya kweli. Aliona vichwa vinang'aa vinapita mbele yake, akaona kazi ya mikono yake ni nzuri.

Ndipo alipomwona bibi mmoja aliyekaa peke yake kwenye mkeka, kando ya mlango wa upande wa ziwa. Kichwa alikuwa amekifunga kitambaa kilichokuwa na rangi zamani. Chawa walikuwa wanatembea kwenye shingo yake mchana kweupe, bila haya.

Capitoline alipoona macho ya mwenzake yameelekea huko, alimwambia aachane naye, yule ni Mama Toussaint, yule hanyolewi. Alitaka kuendelea, akasema ni mambo ya mtoto wake, lakini uani kulitokea kelele kwamba maharagi yanaungua na Capitoline akatupa ufagio akakimbia. Consolée hakumsubiri. Kumwambia Consolée kwamba kuna mtu hanyolewi ni sawa na kumwambia paka kwamba kuna samaki haliwi.

Sasa tuangalie vizuri namna alivyokwenda, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba beseni, kwa hiyo wembe, ukiwa bado katika karatasi yake, aliushika kwa midomo, na kwa ajili hiyo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakusema neno. Nyuma yake walikuja wanashirika wawili na taulo na sabuni, wamechoka na joto, kimya. Nyuma yao Laurette, amekunja uso kwa sababu ya jua, anatafuta pa kusimama apate picha. Wote walikuwa wamevaa kikwembe cha aina moja, kitambaa cha sare ya shirika. Walifika, hawakusalimia, wakakaa kwenye mkeka kumzunguka bibi. Consolée akatua beseni, akautoa wembe mdomoni, akaomba aongezewe maji.

Mama Toussaint aliyatazama maji. Akautazama wembe. Akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, usoni, mpaka akamfikia Laurette na uso wake uliokunjamana. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, akafungua kitambaa, akainamisha kichwa.

Consolée alijisifu moyoni. Na walisema hanyolewi! Nywele zilikuwa nyingi, nyeupe, ndefu kuliko alivyotazamia, zimeshikana kama sufu. Alizilowesha, akazikata kwanza kwa mkasi, kisha akaingia na wembe. Mabega ya bibi yalikuwa yanatetemeka; Consolée akafikiri maji ni ya baridi. Matone yalimwangukia bibi kwenye mapaja. Akafikiri ni sabuni. Alifanya kazi safi, bila hata mkwaruzo mmoja. Alipomaliza alimfuta kichwa kwa taulo, akampaka mafuta, akamnyooshea kioo kidogo.

Mama Toussaint hakukipokea. Alijipitisha kiganja kichwani mara moja, taratibu, toka mbele mpaka nyuma.

"Mulimupata wapi, mwanangu?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Toussaint. Iko fasi gani? Ni ziwa ilimurudisha?"

Consolée hakuhitaji kuelezwa. Alijiona yuko saluni, anamsuka mteja, wifi ameingia bila kusalimia. Maji kwenye beseni. Wanawake wamekaa. Wembe. Mungu wangu, alijisemea, nimefanya nini. Kila kitu alikifanya sawasawa kama alivyofanyiwa, kasoro moja tu, kwamba hakukuwa na maiti.

Capitoline ndiye aliyerudi kutoka uani na kuona. Sahani aliyoshika ilimponyoka. Alipiga yowe lisilo na maneno, akaanguka magotini mbele ya kile kichwa kitupu kinachong'aa, na yowe lake likapokewa na mwanamke wa kwenye kamba ya pili, likapokewa na wa tatu, na kufumba na kufumbua ghala zima lilikuwa linalia. Wanaume walivua kofia. Watoto waliokwisha kunyolewa walishikana mikono wakaduwaa. Watu walikunjua mikeka, wakaja wakakaa chini kumzunguka Mama Toussaint kama watu wanavyokaa matangani, na kila aliyefika alilia kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya mtu wake mwenyewe aliyekwenda na maji yale. Uani mchele uliachwa bila mpishi.

Consolée alimvuta Capitoline pembeni, akamtikisa mabega mpaka akapata habari yote, ikikatwa na kwikwi. Toussaint alikuwa mtoto pekee wa yule bibi, kijana aliyekwisha kupata kazi ya kupakia malori. Jioni ya mafuriko aliwatoa watu wa mtaa wao mmoja mmoja mgongoni, na Capitoline akiwa miongoni mwao. Capitoline alipofika pakavu aliililia cherehani yake iliyobaki majini. Toussaint akacheka, akamwambia fundi bila mashine si fundi, akarudi majini kuifuata. Hakuonekana tena. Wengi walipatikana, yeye hapana. Mama yake alisema asiyepatikana hajafa, mtoto wake anajua kuogelea, na wavuvi wa ng'ambo ya Burundi huokota watu. Alikataa matanga. Akaapa kwamba hakuna wembe utakaopita kichwani pake mpaka siku atakapoletewa mwili, na kama hakuna mwili, basi mtoto atarudi na kuzikuta nywele za mama yake mahali pake. Ghala zima lilijua. Hata wale wasioamini hawakuthubutu kumgusa.

"Sasa wamemupata," Capitoline alisema, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetua mzigo na kuokota mwingine. "Ni juu ya mashine yangu alikufa. Nilikuwa najua, na leo najua kabisa."

Consolée alitaka kumwambia. Alishindwa. Alitoka nje upande wa ziwa.

Laurette alimfuata huko. Simu alikuwa ameiweka, na hilo peke yake lilionyesha jinsi mambo yalivyokuwa makubwa. Hakuwa mjinga, alikuwa ameelewa kila kitu, naye alizungumza kwa upole. Alisema pengine Mungu ndiye aliyetaka. Miaka yote hii yule mama ameketi akitazama maji, hali vizuri, halali, hazungumzi na watu; leo analia, na watu wanalia naye. Kijana huyo amekufa, kila mwenye akili anajua. Wakae naye, wamsalie, Padri aje asome misa, na kesho ataamka amepumzika. Ukweli utamsaidia nini? Nani atakayejua?

Nitasema wazi, Consolée alitamani kukubali. Alitamani kwa moyo wake wote. Si kwa ajili ya Mama Toussaint, bali kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu ya hofu, kwa sababu hakujua mtu anatamkaje jambo kama lile. Na isitoshe, maneno ya Laurette yalikuwa imani yake yeye mwenyewe, ile ya nywele na matatizo, imegeuzwa tu na kurudishwa kwake. Alinawa uso kwa maji ya ziwa. Akamwambia Laurette sawa, hatasema.

Waliporudi ndani, Mama Toussaint alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amepiga magoti, amekunjua ncha ya mkeka wake, anatoa vitu chini yake. Zilikuwa shati. Shati za kiume, zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, nyingine bado zina mistari ya pasi. Laurette alipoziona alishika mdomo. Yeye ndiye aliyezileta. Kila Noeli, wakati wa kugawa nguo, bibi huyu alikataa vikwembe na sweta, akaomba shati ya mwanaume, na kila Noeli Laurette alimpa huku akinung'unika njiani kwamba ajuza yule anaziuza.

"Ya mwaka wa kwanza itakuwa ndogo," Mama Toussaint alisema, akizigawanya kwa mikono yake iliyokauka. "Alikuwa angali anakomaa. Hii ya bluu njo itamukaa. Munipeleke fasi mulimuweka, nimuvalishe mwenyewe. Musimuzike vile maji ilimuacha."

Akanyanyuka, na shati ya bluu mkononi, akasimama mbele ya Consolée, akangoja apelekwe.

Hapo hapakuwa na mlango wa kutorokea. Consolée alimtazama Laurette, na Laurette alikuwa ametazama chini. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ile iliyokuwa bado na maji ya sabuni.

"Mama, hakuna mwenye alimupata," alisema. "Hakuna fasi ya kukupeleka. Sikujua habari ya mutoto. Waliniambia nikuache, minye sikusikiliza. Niliona chawa, mama. Ni chawa tu."

Ziwa lilisikika likipiga mawe ya nje. Mama Toussaint alisimama pale pale, shati mkononi, midomo yake ikisogea kidogo kama mtu anayejifunza neno geni.

"Chawa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mutoto wangu hajakufa."

Consolée alipenda kusema ndiyo. Alipenda pia kusema hapana. "Hatujue, mama," alijibu. "Vile ulikuwa haujue asubuhi, na sasa hatujue."

Alitazamia kofi. Alitazamia laana, na angeipokea. Alichokiona kilimtisha zaidi: uso wa yule mama ulifunguka, damu ikaurudia, macho yakawaka furaha ya kutisha. Alimpata mtoto wake mara ya pili katika saa ile ile aliyompoteza. Kisha mkono wake ukaenda tena kichwani, ukagusa ngozi tupu, na furaha ikazimika.

"Sasa unirudishie," akasema, na akanyoosha kiganja. "Hizo nywele iko wapi? Unirudishie."

Hakuwa anasema ovyo. Alimaanisha. Mkono ulibaki umenyooshwa, na Consolée, mwenye jibu kwa kila mtu Kimanga nzima, aliinuka, akalifuata lile gunia, akalimwaga lote sakafuni. Nywele za watu wote wa ghala zilikuwa zimechanganyika humo, za wanaume na za watoto, nyeusi, za mvi, zenye udongo, zenye chawa. Akakaa chini akaanza kuchambua. Alitoa uzi mweupe mmoja, akauweka kwenye mapaja yake. Akatoa mwingine. Chawa walimpanda mikononi, yeye aliyekuwa hawezi kumwona chawa kwenye kichwa cha mtu akanyamaza, na hakuwafuta. Muda si muda Capitoline akaja akakaa upande wa pili, bila kumtazama. Akaja Laurette, akashuka chini kwa shida na kikwembe chake kipya. Wakaja wengine. Walichambua kama watu wanavyochambua mchele, na Mama Toussaint alisimama juu yao akisimamia, akionyesha kwa kidole pale walipoupita uzi wake.

Ule mchele wenyewe uliliwa alasiri, umepoa. Nadhani haikuwahi kutokea Noeli yenye picha chache namna hiyo.

Consolée aliziosha zile nywele, akazikausha juani, akazitia ndani ya kitambaa na kukishona pembeni ili zisitoke. Akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Mama Toussaint alikipima uzito, akakifunga kichwani, akakaa nacho kidogo. Kisha akatikisa kichwa. Alisema haziwezi kushika tena, zimekatwa ni zimekatwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, na alipomaliza kufikiri alimwita Consolée akae karibu.

"Akifika atakuta kichwa hivi. Atajua nilimuzika," alisema. "Atauliza, ni nani alinyoa mama yangu? Minye sitakuwa na jibu. Ni weye uko na jibu. Sasa utafanya namna gani, mwanangu, akinikuta hapa na weye uko Kimanga?"

Consolée alitafuta la kujibu, akaona hakuna ila moja: akaahidi kumchukua kwake, na kijana akifika, kumjibu yeye mwenyewe. Jioni ile ile, watu wakijiandaa kwa misa ya mkesha, wakazi wa Kimanga walimwona mwenye saluni anapita na mkeka kichwani na sufuria mkononi, na nyuma yake bibi mmoja amekumbatia shati za kiume. Waliuliza ni mama yake mkubwa wa wapi. Hakujibu, na kutokujibu kwake kuliwashangaza kuliko mgeni mwenyewe. Capitoline aliahidi kumwelekeza kijana yeyote atakayefika ghalani akiuliza.

Siku zikaenda mpaka Bonane. Siku ya mwaka mpya mtaa mzima hutembeleana, na mlango wa Consolée ulibishwa hodi tangu misa ilipokwisha. Mama Toussaint alikuwa ameketi uani kwenye kiti, ametazama njia, kitambaa chake kichwani. Consolée alikuwa jikoni na bugali na samaki. Kila hodi ilipopigwa, yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Maneno alikuwa amekwisha kuyapanga, na aliyarudia moyoni kila mara akielekea mlangoni: Toussaint, mama yako hakukuzika, ni minye nilikosa, yeye angali anakungoja. Ilikuwa ni wajibu tu. Alikuwa ameahidi. Yeye, Consolée, alijua vizuri kijana yule yuko wapi, yuko chini ya ziwa tangu jioni ile, kila mwenye akili anajua.

Alasiri hodi ilipigwa na sauti ya kiume. Sauti nzito, ya kijana, isiyojulikana mtaani. Mwiko ulimtoka Consolée ukaanguka motoni. Alikimbia. Mwanamke mzima, mjane, alivuka ua mbio akagonga ndoo ya maji ikamwagika, na alipofungua mlango wa ua maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi.

Alikuwa muuza makaa, mgeni mtaani, anauliza kama wanahitaji gunia.

Consolée alisimama akimtazama. Kijana wa watu akaogopa, akauliza kama kuna msiba. Machozi yalikuwa yanamshuka Consolée, na yalimshangaza. Yalimshtua hata kuliko lile swali la kwanza la Mama Toussaint kule ghalani. Hakuwa amekimbia kwa ajili ya ahadi. Alikuwa amekimbia kwa sababu alijua ni Toussaint.

"Siye?" Mama Toussaint aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Siye, mama."

"Basi mupe chakula. Naye ni mutoto wa muntu."

Muuza makaa akakaribishwa, akala, akashukuru, akaenda zake. Consolée aliosha sahani. Kisha akatoa kiti chake jikoni, akakiweka uani kando ya kile kingine, na akakaa akitazama njia.